Mpigaji Asiyechoka

Tarehe 1 Julai saiba yetu, duka la kompyuta na intaneti, huwa kama soko lililohamishwa usiku. Jana yake, 30 Juni, ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, na tunavyojijua Wakenya, foleni ilifika hadi kwa mama wa mahamri. Asubuhi iliyofuata nilikuwa peke yangu na kompyuta sita, printa yenye joto la jana, na feni inayolia kwa mpangilio: tik, tik, tak. Ile feni ndiyo iliyonianzisha. Nilitaka kuweka mdundo juu ya mlio wake.

Mwenye duka alikuwa na sheria moja. Marufuku kuingiza programu yoyote kwenye mashine zake, maana aliyekuwa pale kabla yangu alizijaza virusi akitafuta filamu za bure. Kwa hiyo nilichokuwa nacho ni kivinjari tu. Nikatafuta namna ya kutengeneza biti bila kupakua kitu, nikaangukia ukurasa wenye safu nne za visanduku, kila safu visanduku 16. Kushoto kuna majina: kiki (pigo zito la chini), sneya (pigo kali), haihati (matoazi), makofi. Ukibofya kisanduku, kinawaka. Ukibonyeza pa kucheza, mstari mwembamba unatembea kushoto kwenda kulia, na kila unapopita juu ya kisanduku kilichowaka, chombo chake kinalia. Ukifika mwisho unarudi mwanzo. Hiyo ndiyo sikwensa, hakuna siri nyingine.

Nne mara 16 ni 64. Nilitabasamu peke yangu, kwa sababu bao la marehemu babu nalo lina kete 64. Ila kwenye bao ukikosea mwenzio anakula na mchezo unaendelea. Hapa ukikosea, mashine inarudia kosa lako kila baada ya sekunde mbili, bila haya, mpaka ulione.

Nilianza kwa kuwasha vyote. Mvua juu ya mabati. Nikazima kimoja kimoja, na hapo nikapata mdundo ule ambao nadhani kila mtu huupata siku ya kwanza: kiki kwenye 1, 5, 9 na 13, sneya kwenye 5 na 13, haihati kwenye kila namba ya witiri. Nikaucheza saa nzima. Kijana aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akatikisa kichwa, nami nikajiona nimefika.

Kwa wiki mbili hivi midundo yangu yote ilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nilibadilisha kasi, nikabadilisha sauti, lakini sura ilibaki ileile, na sikujua kwa nini. Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu. Visanduku vilipakwa rangi nnenne: vinne vyekundu, vinne vya chungwa, vinne vya njano, vinne vyeupe. Baadaye nilijua kuwa mpango huo umerithiwa kutoka kwa Roland TR-808, mashine ya ngoma ya Kijapani iliyotoka mwaka 1980 ikiwa na vitufe 16 vya rangi hizohizo. Zilitengenezwa kama 12,000 tu kabla ya kusimamishwa 1983, na ile kiki yake nzito, yenye mkia mrefu, imeingia katika muziki wa dunia nzima hadi kwenye matatu za Likoni. Sina ugomvi na rangi zake. Lakini rangi inapobadilika, jicho linaona mlango, na mkono unabisha hapohapo. Nilikuwa napiga ngoma kwa macho. Tangu siku ile ya kwanza, kisanduku cha 4 kwenye safu ya kiki sikukigusa tena. Cha 7 vilevile.

Siku niliyovigusa ilikuwa kwa makosa. Kipanya kilikuwa kibovu, kinaruka. Nikataka 5, kikabofya 4; nikataka tena 9, kikabofya 7; nusu ya pili nayo kikarukaruka vivyo hivyo. Nikaacha iende nione. Moja, nne, saba, halafu tisa, 12, 15. Yaani tatu, tatu, mbili. Tatu, tatu, mbili. Nikainuka kitini. Huo mdundo niliujua. Nimeusikia maisha yangu yote kwenye redio za jirani, nikaucheza kwenye sherehe, lakini sikuwahi kujua kuwa umejificha kwenye nafasi ambazo rangi haibadiliki. Kuna mtaalamu wa kompyuta wa Kanada, Godfried Toussaint, aliyeandika mwaka 2005 kwamba ukichukua mapigo matatu ukayasambaza kwenye nafasi nane kwa usawa unaowezekana, kwa kanuni ileile ya Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, unapata huohuo: tatu, tatu, mbili. Euclid kaishi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mimi nilihitaji kipanya kibovu.

Basi nikawa na majivuno. Jumapili nikaenda kwa shangazi, Mji wa Kale wa Mombasa, nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikamwekea simu karibu na ungo.

Lazima nieleze kidogo shangazi ni nani. Yeye ni mpigaji. Kabla sijazaliwa alikuwa tayari anapiga vumi kwenye harusi, ile ngoma nzito ya chini katika chakacha, wenziwe wakishika chapuo na msondo. Ni ngoma za wanawake, ndani, milango imefungwa, na mtoto wa kike huanza kuzisikia akiwa mgongoni mwa mamake. Mimi nilizisikia hivyo. Kujifunza kuzipiga nilikataa, kwa kuwa nilipokuwa na miaka 13 niliona ni mambo ya kizamani.

Akasikiliza, vidole vikiendelea kutoa chuya. Kisha akauliza, "Huyu mpigaji hachoki?"

"Si mtu, shangazi. Ni mashine."

"Ndiyo nasema. Hachoki, wala hapumui." Akapeta ungo. "Haya, tia chakacha basi, tuone."

Nilirudi kazini Jumatatu nikidhani ni jambo la nusu saa. Likanichukua karibu mwezi.

Kwanza niliiweka chakacha kwenye visanduku 16. Ikatoka chakacha iliyovaa viatu vya jeshi. Halafu nikagundua kitelezi kilichoandikwa swingi. Kazi yake ni kuchelewesha visanduku vya shufwa, yaani cha 2, cha 4, cha 6 na kuendelea. Kwenye asilimia 50 hakuna kinachochelewa. Ukisogeza hadi kama 66, kila jozi inagawanyika mbili kwa moja, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi. Mmarekani Roger Linn aliliweka jambo hili kwenye mashine yake ya LM-1 ya mwaka 1980, na wapiga biti wanaliheshimu kwa haki, kwani linaondoa ule ukavu. Nilisogeza hadi 66 na mdundo ukalegea vizuri. Lakini ilikuwa chai ya maziwa ya unga. Inafanana, unakunywa, na ulimi unajua.

Nikamrudia shangazi nikamwomba apige mezani taratibu, ili nihesabu. Hapo nikajifunza kitu ambacho sikukitarajia: hawezi kupiga taratibu. Kila akipunguza kasi, mdundo unamponyoka, anasimama, anacheka, anaanza upya kwa kasi ileile ya harusini. Mikono yake haijawahi kuhesabu. Inajua mdundo mzima mzima kama mtu ajuavyo jina lake, na ukimwambia mtu alitaje jina lake herufi moja baada ya nyingine kwa mara ya kwanza, atababaika. Kwa hiyo nikamrekodi kwa simu akipiga anavyopiga, nikaenda nikasikiliza kwa nusu ya kasi usiku, na daftari la mistari mikononi.

Kwa nusu kasi mambo yalifunguka. Mkono wa kulia ulikuwa unaanguka kwa vipimo sawa, mara nne kabla ya mzunguko kuanza tena. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na nafasi mbili tupu. Siyo tatu. Mbili. Nilihesabu tena na tena nikidhani usingizi unanidanganya. Pigo, tupu, tupu. Pigo, tupu, tupu. Na nilipojaribu kuliweka hilo kwenye visanduku vyangu, 1, 4, 7, 10, 13, 16, lile la 16 likagongana na la 1 lililo jirani yake mzunguko unaporudi. Kigugumizi. Kumi na sita haigawanyiki kwa tatu. Mtoto wa darasa la nne anajua hilo. Mimi nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiilazimisha igawanyike.

Chini kabisa ya ukurasa, karibu na tangazo la mikopo, palikuwa na namba ndogo yenye mishale miwili pembeni: hatua, 16. Tangu siku ya kwanza ilikuwa pale. Nikaishusha hadi 12.

Ukiwa na 12, kila baada ya visanduku vitatu unapata mapigo manne: 1, 4, 7, 10. Kila baada ya vinne unapata matatu: 1, 5, 9. Kila baada ya viwili unapata sita. Yote yanaishi nyumba moja, na yote yanakutana kwenye 1, yanasalimiana, yanatawanyika. Nikaweka manne kwenye makofi na matatu kwenye kiki. Nikabonyeza. Mguu wangu chini ya meza ukahesabu nne, na kiuno, wallahi sikukiamuru, kikahesabu tatu. Mteja aliyekuwa akijaza fomu ya pasipoti akageuka kunitazama.

Kasi nayo ilinizungusha. Ukurasa uliandika mapigo 120 kwa dakika, lakini chakacha yangu ilikuwa inakimbia kama inafukuzwa. Ikabidi nichukue kikokotoo. Mashine hizi zinahesabu visanduku vinne kuwa pigo moja la kasi. Kwa 120, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo kisanduku kimoja ni milisekunde 125. Sawa. Lakini chakacha yangu inahesabu pigo kila baada ya visanduku vitatu, na vitatu ni milisekunde 375, ambayo ni mapigo 160 kwa dakika. Ndiyo maana ilikimbia. Nikitaka kusikia 120 lazima niandike 90. Hadi leo nikitumia visanduku 12 hufanya hesabu hiyo kwanza: namba ninayoitaka, mara tatu, gawa kwa nne.

Halafu stima ikapotea. Sikuwa nimehifadhi. Ukurasa ule hauweki kitu. Mdundo wako unakaa ndani ya anwani yenyewe, juu kwenye kivinjari, na usipoinakili ukafunga, umekwenda. Mwezi mzima ulikwenda na giza la dakika 20. Nililia kidogo, niseme kweli. Baada ya hapo kila mdundo niliuandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma: alama ya x kwa pigo, kitone kwa nafasi tupu. x . . x . . x . . x . . na chini yake x . . . x . . . x . . . Mwenye duka aliona zile kurasa akadhani ni hesabu za siri za upatu.

Ila kuandika kulinisaidia kuliko kubofya. Kwenye kioo unaona visanduku vinavyowaka tu. Kwenye daftari, kitone nacho unakiandika kwa mkono. Kimya kinakugharimu wino. Nikaanza kuona kuwa nilikuwa najaza mno, na kwamba shangazi ana sehemu mbili katika kila mzunguko ambazo haziguswi na mkono wowote, na hizo ndizo wachezaji wanazozungushia kiuno.

Sauti zilikuja mwisho, na ningeanza nazo ningepoteza muda zaidi. Kiki ya mashine si vumi. Shangazi akipiga ana sauti mbili: ya wazi, inayobaki hewani, na ya kufunga kwa kiganja, inayokufa papo hapo. Kwenye gridi hizo si chombo kimoja, ni safu mbili tofauti. Ukurasa uliniruhusu kupandisha sauti zangu mwenyewe, kwa hiyo nikarekodi jikoni kwake: vumi wazi, vumi la kufunga, kijiko juu ya sinia. Nikazipandisha na zote zikasikika zimechelewa, kama mgeni anayeingia dua ikishaisha. Kisa ni kile kipande cha kimya mwanzoni mwa rekodi, kabla ya mkono kugusa ngozi. Sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini kisanduku chenyewe kina kama milisekunde 167 tu. Nikakata kimya kile kwenye kila sauti, na wageni wakaanza kufika kwa wakati. (Na ikiwa unapiga kwa kugonga kibodi huku umevaa visikizio visivyo na waya, usijilaumu kwa kuchelewa. Sauti yenyewe inachelewa njiani. Mimi nilijilaumu siku nne.)

Katikati ya hayo kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyetaka singeli ya kuweka kwenye video zake. Singeli hii, muziki wa uswahilini Dar es Salaam uliozaliwa na mchiriku, muziki mwingine wa hukohuko, inakwenda mapigo 200 na kupita, na ukurasa wangu uligoma kwenye 200. Nikaiandika kwenye 120 nikahesabu visanduku viwili kuwa pigo moja badala ya vinne, ikawa 240. Akalipa shilingi mia mbili na soda. Ndiyo pesa pekee niliyowahi kuipata kwa visanduku, na niliipata kwa mdundo nilioutengeneza kwa dakika kumi.

Nilipompelekea shangazi chakacha ya visanduku 12, hakusema kitu. Alisikiliza mizunguko kama minane. Kisha akainua kidole kimoja, akakishusha mahali fulani, akatikisa kichwa. Mzunguko uliofuata tena, palepale. Nikasogeza laptopu, nikazima kisanduku cha 9 kwenye safu ya sinia. Akaendelea kusikiliza. Akainuka kwenda kutazama wali wake jikoni, na nikaona anavyopita mlangoni hatembei kawaida.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. Kulikuwa na harusi ya jirani, na wasichana wanaojifunza kucheza walihitaji mazoezi, na yeye kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma. "Njoo na mpigaji wako."

Nikaenda na laptopu ya kuazima na spika moja. Chumba kilikuwa na wasichana tisa, leso viunoni, na wanawake wazima wamekaa ukutani juu ya mkeka. Dakika tano za kwanza zilikuwa nzuri. Halafu zikaharibika, na shangazi aliona kabla yangu.

"Mashine yako haimtazami mtu," akasema.

Ilikuwa kweli. Mpigaji wa chakacha anamwangalia mchezaji. Msichana akizubaa anasubiriwa kidogo, akipata moto anachochewa, na akifika katikati ya duara mapigo yanabadilika kumpokea. Mstari wangu mwembamba ulikuwa unatembea kushoto kwenda kulia hata msichana alipojikwaa kwenye leso yake. Nikadhani ataniambia nizime. Badala yake akanivuta nikae naye, laptopu mapajani, akaniambia niangalie kidevu chake. Akikiinua, niongeze kasi. Akikishusha, nipunguze. Kwa hiyo nikawa na kidole kwenye namba: 90, 91, 93, kidevu juu, 95, kidevu chini, 92. Safu ya sinia nikaizima msichana alipoingia duarani na kuirudisha alipotoka. Sikutazama visanduku tena. Nilikuwa na jicho moja kwenye kidevu na jingine kwenye miguu.

Chaji ilikatika saa mbili usiku kasoro. Spika ikanyamaza, lakini makofi hayakunyamaza. Mwanamke mmoja pale ukutani alikuwa amekwisha kuvuta sinia la halua lililokuwa tupu, akaendelea kwa vidole. Mwingine akaongeza kwa kiwiko juu ya sanduku la nguo. Shangazi akalisukuma vumi mbele yangu kwa mguu.

"Upande wa kulia tu," akasema. "Nne. Kushoto nitapiga mimi."

Nikahesabu kimoyomoyo. Moja, tupu, tupu. Nne, tupu, tupu. La saba nikalikosa, na yule mwenye sinia akacheka.